Mhojiwa Namba Saba

"Nani yule aliyekaa karibu na dirisha?" aliuliza, ingawa upara ule alishautambua.

Profesa, msimamizi wa tasnifu yake, aliurudishia taratibu mlango wa chumba cha mtihani. "Mtahini kutoka nje. Idara ilitaka mtu wa kazini, si sisi wa vitabuni tu. Si bosi wako yule? Nilidhani utafurahi."

Kufurahi! Aliegemea ukuta wa korido.

Kazini, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, yeye alikuwa wa dirisha namba tatu, mpokea maombi ya posho ya wazee. Wenzake walimwita Dokta, utani tu, tangu alipoanza kusomea shahada ya uzamili ya utawala wa huduma za jamii. Miaka mitatu alisoma jioni kwa jioni, akisinzia viti vya nyuma. Tasnifu yake ilihusu ofisi hiyohiyo: kwa nini maombi ya wazee hayajibiwi. Jina la ofisi alilificha. Wahojiwa wake kumi na mmoja aliwapa namba, akawabadilisha umri, wanawake wengine akawageuza wanaume. Alijiona mjanja kweli.

"Profesa, tuahirishe."

"Kwa sababu gani?"

Angesema nini? Bosi alikuwa na nakala mapajani, na katikati yake kilichungulia kikaratasi cha njano. Hakuhitaji kuambiwa ni ukurasa gani. Ni wa sitini na moja, wa mhojiwa namba saba.

Namba saba alikuwa Mama Mafaili, mtunza kumbukumbu, mjane anayelea wajukuu wawili, aliyebakiza miezi minane tu astaafu. Ndiye aliyemfundisha Dokta kazi. Alipoombwa mahojiano alicheka: "Mimi na miwani yangu hii ya kamba, mwanangu, niingie kitabuni?" Kisha akafunga mlango, akasema yote. Kwamba kila Ijumaa Bosi humwagiza abebe bahasha za wiki nzima, hazijafunguliwa, akazifungie stoo, ili Jumatatu ripoti iende makao makuu ikisema hakuna ombi lililolala. "Nikishazipanga, nasoma majina ya juu kwa sauti. Angalau mtu mmoja ayatamke. Halafu nafunga. Ufunguo ni mmoja tu, nalala nao."

Maneno hayo Dokta aliyapenda mno, akayanukuu yalivyo. Umri alibadilisha, jinsia alibadilisha, ufunguo akauacha. Jamani! Na ofisi nzima, hadi mfagizi, inajua ufunguo wa stoo unaning'inia shingoni mwa nani.

"Sina sababu, Profesa."

"Basi jikaze kisabuni, tuingie."

Akajikaza. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Aliulizwa alivyochagua wahojiwa, akajibu, na mwenyekiti wa jopo, mama mmoja anayesifika kwa ukali, hata akatabasamu. Bosi hakuandika kitu. Alikuwa akimtazama tu kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha. Bosi hakuwahi kumfokea mtu. Wote aliowafukuza aliwaita kwa sauti ya chini, akawamiminia chai kwanza.

Zamu yake ilipofika, alifungua pale penye kikaratasi.

"Hongera, binti yangu. Kazi nzuri. Nina swali dogo tu. Huyu namba saba, mwenye ufunguo."

"Mtahiniwa haruhusiwi kumtaja," mwenyekiti aliingilia. "Wahojiwa waliahidiwa siri."

"Siombi jina, mwenyekiti. Nauliza tu, mtu huyu yupo? Au binti alikosa ushahidi, akajitungia?"

Kujua, Bosi alishajua. Alichokosa ni mashahidi. Dokta akitamka kwamba yupo, likaandikwa kwenye kumbukumbu za jopo, kesho asubuhi Mama Mafaili ataitwa kwenye chai. Atafukuzwa kwa kutoa siri za ofisi, na kiinua mgongo cha miaka thelathini ndiyo kwaheri. Akisema hayupo, amekiri mwenyewe kughushi utafiti, na chuoni pale kosa hilo halina rufaa. Kote kuwili Bosi anashinda.

Alimtazama Profesa, ambaye rekodi ya mahojiano yale aliisikiliza kwa masikio yake. Profesa alitikisa kichwa kidogo sana. Usithubutu kumkana.

"Hayupo," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie. "Hayupo. Nilimtunga."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Profesa aliinamia meza na hakuinua uso tena. Wakamwambia atoke nje asubiri, naye alijua hakuna cha kusubiri.

Alipofungua mlango nusura apige yowe. Mama Mafaili alikuwa amesimama koridoni, kavalia gauni lake la kuendea harusi za watu, uso umemchanua.

"Umepita? Sema umepita, nipige vigelegele!"

"Mama, nenda nyumbani. Tafadhali. Sasa hivi."

"Niende wapi na keki sijala? Mbona umepauka hivyo? Wamekuuliza nini? Wameisoma na ile ya kwangu, ile ya..."

Dokta akamziba mdomo kwa kiganja. Mtu aliyemzidi mama yake mzazi kwa umri, akamziba mdomo kama mtoto. Nyuma yao mlango ukafunguka.

"Ala! Kumbe na wewe uko huku, mama," alisema Bosi. "Umemsindikiza binti. Vizuri sana. Hivi, na wewe alikuhoji?"

Mkono ulishuka wenyewe. Dokta hakuthubutu kumtazama Mama Mafaili usoni. Alimshika kiwiko, akakibana, akakibana tena.

"Mimi?" Mama Mafaili aliangua kicheko chake cha kila siku, kile kinachosikika hadi mapokezi. "Bosi nawe! Nani ahangaike kunihoji mimi, mbeba makaratasi? Nimefuata keki."

Bosi naye akacheka. Akawaaga kwa kuwapa mkono, mmoja mmoja, akaenda zake kwenye ngazi.

"Umewaambia nini mle ndani?" Mama Mafaili alinong'ona. Kicheko chote kilikuwa kimemwisha.

"Nyamaza, mama. Ngoja ashuke."

Wakasimama wameshikana, wakisikiliza viatu vikishuka. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Kisha vikasimama. Kucha za Mama Mafaili zilimwingia Dokta mkononi. Huko chini hapakusikika mlango, wala mtu akizungumza, wala kiatu kikigusa ngazi nyingine.