Mjukuu Wangu Katika Ukumbi wa Vioo

Wewe umewahi kumtafuta mtu wako ndotoni, ukamwona kila mahali na usimpate? Mimi hapa nimekaa nyuma ya jukwaa, koti la mjukuu wangu Arpine liko mapajani, lile la sufu lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, naye yuko mbele ya watu anapiga fidla. Nimetoka kwetu Armenia kuja kumwona, maana dunia nzima inamwita na nyumbani hafiki. Macho yananielemea. Nasema nifumbe kidogo tu, pazia linafunguka, napita.

Ng'ambo ya pazia kuna barabara, barabara inaishia mjini, mji una ukumbi, na ukutani kuna picha ya Arpine anatabasamu; natoka hapo nashika barabara nyingine, inaishia mji uleule, ukumbi uleule, picha ileile, ila sasa upinde wa fidla ameushika kwa mkono wa kushoto. Mwanamume wa suti nyeusi ananiongoza. Hana uso, penye uso ni laini kama yai lililomenywa. Namwuliza, baba, mjukuu wangu yuko mji gani? Anajibu, yuko katika mji anaouaga. Namwambia mimi nimeishia shule ya msingi, aniambie kwa maneno ya kawaida. Anacheka, sijui kwa mdomo gani, anasema, tembea tu, mama. Natembea. Magoti yananiuma hata ndotoni, jamani. Tunaingia ukumbi ambao kuta zake ni vioo vitupu, na Arpine wako wengi, gauni jeusi wote, wote wanapiga, wote wanainama. Yule mwanamume ananiambia nichague mmoja, wengine wataendelea na kazi. Nawatazama shingo. Mpiga fidla wa tangu utotoni huota sugu chini ya taya, upande wa kushoto, pale anapokibana chombo. Hawa wote, vioo vimewahamishia sugu kulia, isipokuwa mmoja. Nanyosha mkono nimshike. Anaurudisha wake nyuma taratibu, anasema, Bibi, usiuminye, huu mkono una mkataba. Basi namshika kiwiko. Hawa wote wanakuuliza utapiga nini, namwambia, mimi nakuuliza unataka nini. Anafungua mdomo, makofi yanamwagika, naona midomo inakwenda na sauti siipati, anainama, anaanza tena kusema, makofi, anainama, mpaka nauonea huruma mgongo wake.

Mtu ananitikisa bega. Ni Arpine, amepiga magoti mbele ya kiti changu, nywele zimelowa jasho, na nyuma ya ukuta makofi bado yanaendelea. Mlangoni amesimama mwanamume wa suti nyeusi, taa iko mgongoni kwake, uso siuoni. Anasema gari liko tayari, kesho ni mji mwingine. Sijui nimeamka au nimebadilisha mji tu. Arpine hainuki. Analaza kichwa mapajani pangu.

Nimechoka, Bibi, anasema. Nirudishe nyumbani, unilaze, na mtu yeyote asinigongee mlango.