Pua ya Champa

Wanangu wawili ni wachoraji wa jumba la Raja wetu huku milimani, na kichwa kinaniuma kwa ajili yao. Damodar, mkubwa, huchora kama alivyochora babu yake: mwanamke ametazama upande, jicho limekaribia sikio, nyuma yake wekundu mtupu. Sura anayo moja tu, imetobolewa vitundu kwenye ngozi ya swala. Huilaza ngozi juu ya karatasi, hupitisha unga wa mkaa, mwanamke ameshapatikana. Gokal, mdogo, alikaa Delhi kwa mafundi wa mfalme, akarudi na vivuli vya mashavuni na ugonjwa wa kumchora mtu alivyo.

Basi ikatakiwa picha ya Champa, binti wa Raja, ipelekwe kwa mchumba ng'ambo ya mto. Wachoraji hawaruhusiwi kumwona, hivyo nikatumwa mimi nikamtazame, nije niwasimulie.

Champa ana pua. Sitaki kumsengenya mtoto wa watu, lakini pua ile hutangulia chumbani, mwenyewe akafuata.

"Mama," akaniambia, "dada yangu alipelekewa ile sura ya ngozi. Mumewe alipomfunua utaji akauliza bibi harusi yuko wapi. Mpaka leo hamsemeshi. Mimi nataka anayekuja ajue anakuja kwa nani."

Iliniuma. Nikarudi nikawaeleza wanangu.

"Mwanamke ni mwanamke," akasema Damodar. "Pua ya nini?"

"Wanawake wako wote mapacha, kaka!" akadakia Gokal.

"Na nyinyi wa Delhi mnachora mpaka chunusi za mfalme!"

"Kwani nimemwotesha mimi?"

Lakini pua ya kusimuliwa haichoreki. Gokal akamwendea kaka yake Champa, aliyezaliwa na pua ileile, akamkalisha dirishani, akamchora. Kisha, palepale kwenye karatasi, akamnyoa masharubu kwa brashi na kumvika utaji.

Nikazipeleka mimi picha zote mbili, hiyo na ya Damodar ya ngozi, kwa Rani, mke wa Raja. "Huyu ni binti yangu," akafoka, "au ni mwanangu kavaa sketi? Ipelekwe ya Damodar!" Damodar, aliyekuwa akisikiliza nje ya pazia, akavimba kichwa. Nilitamani kumzaba kibao, mtu mzima vile.

Rani alipogeuka kuagiza hariri ya kufungia, Champa akazibadilisha picha. Nilimwona. Nikashikwa na kikohozi kikubwa, kila mtu akanitazama mimi.

Mjumbe alirudi baada ya mavuno. Wanawake tukaitwa nyuma ya pazia kumsikiliza.

"Bwana wangu aliletewa picha kutoka majumba mengi," akasema mjumbe. "Akadhani ni mwanamke mmoja anayetafutiwa mume na baba kumi. Kisha akaifungua ya kwenu, akaitazama mpaka chakula kikapoa. Akasema, huyu angalau yupo. Anamtaka huyu."

Rani akanitazama mimi, kisha akaagiza mjumbe aletewe chakula.

Champa alinibana mkono mpaka nikapiga yowe mbele ya wakubwa.

"Nipo," akaninong'oneza, machozi yakimtiririka na kicheko kikimtoka. "Umesikia, Mama? Nipo!"