Tano Mbili za Profesa

Mume wangu ni fundi redio, lakini nyuma ya kinyozi, kwenye meza ya poka, anaitwa Profesa. Anafundisha bure, hata asiyeuliza. Somo lake kuu ni hili: ukigawiwa karata mbili ndogo zinazofanana, ingia kwa dau dogo, usubiri uone kama mezani itafunuliwa ya tatu ya namna hiyo. Ikija, mkamue mwenzako taratibu. Isipokuja, tupa, nenda kanywe maji. Somo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba mganga hajigangi.

Jumamosi moja mchana nilimpelekea kinyozi mashuka ya kunyolea niliyomshonea. Profesa alikuwa amenipa mgongo, amekabiliana na mwenye bucha, na katikati yao rundo la noti za waliokwisha kujitoa. Karata zote tano za mezani zilikuwa wazi. Za mkononi mwake niliziona tokea mlangoni, maana huziinua kama anayemsomea jirani gazeti. Tano mbili. Mezani hakukuwa na tano hata ya dawa.

Mwenye bucha alikuwa ameongeza dau. Mtu mwenye akili zake angetupa. Mume wangu alijipapasa mifuko, akakuta hewa, akakohoa kidogo kama anayeanza hotuba.

"Naweka cherehani," akasema. "Ya nyumbani."

Ya nyumbani. Sikujua kumbe nyumba yetu inashona. Mguu unaokanyaga pale ni wangu, na cherehani hiyo ndiyo inayotulisha tangu watu waache kutengenezesha redio. Niliingia hatua moja ndani. Kinyozi aliniona, mwenye bucha akaniona, chumba kizima kikanyamaza. Profesa, kwa elimu yake, aliuchukua ukimya ule kuwa hofu, akaketi vizuri zaidi.

Mwenye bucha aliyatazama mashuka mikononi mwangu, kisha akazilaza karata zake kifudifudi.

"Chukua tu," akamwambia.

Hapo ndipo Profesa alipogeuka. Wala hakushtuka, alifurahi kupata shahidi. Akanionyesha tano zake mbili, akanieleza kwamba huo sasa ndio moyo wa mchezo.

Nilisogea nikazifunua karata za mwenye bucha. Saba mbili, na saba ya tatu imelala mezani. Kumbe Profesa alikuwa na mwanafunzi mmoja msikivu.

"Alikuwa amekushinda," nikamwambia. "Amekuachia kwa sababu ameniona mimi."

Alizitazama zile saba. Nilingoja aone aibu. Kwa kweli nilitamani sana aione. "Basi na yeye aliogopa," akasema, akaanza kuvuta noti.

Sikugombana naye. Nilimkabidhi kinyozi mashuka yake, nikaenda kuita mkokoteni, na kabla jua halijazama cherehani ilikuwa sebuleni kwa mama yangu, nami nimekaa nyuma yake nashona. Profesa alitufuata hadi mlangoni, mifuko imemvimba, akimlalamikia mama kwamba haelewi kosa lake ni lipi, mbona alishinda.

"Ungeshindwa ungekoma," nikamjibu, "na mimi ningerudi."