Utani wa Barafuni

Gaudence aliupenda mchezo wa magongo ya barafuni kwa sababu moja tu, nayo ni ngumi. Mengine yote, kuteleza, kupasiana kile kisahani cheusi, hata magoli yenyewe, aliyavumilia kama mtu anavyovumilia hotuba ya mgeni rasmi huku akinusa pilau. Alikuwa mtu wa Rombo, mnunuzi wa jinzi, mwaka wa tisa sasa akiishi Guangzhou na kwenda Xintang karibu kila siku kugombana na wenye viwanda. Labda ndiyo sababu. Anayeshinda wiki nzima akijibiwa "meiyou", hakuna, hakuna, hupata hamu ya kumwona mwingine akitwangwa.

Wapenzi wa mchezo huo walikutana mgahawani kwa Rozina, ghorofa ya pili, barabara ya Huanshi Zhonglu, saa mbili asubuhi, maana jioni ya Amerika ndiyo asubuhi ya huku. Rozina aliweka chai ya maziwa, chapati na maini, akawasha televisheni, na matusi yakaanza kabla sukari haijakorogwa. Kambi zilikuwa mbili. Ya Gaudence ilishabikia timu ya Kanada yenye jezi za kijani, hasa beki mmoja mwenye shingo ya fahali waliyembatiza Mtarimbo. Mtarimbo hakuwa amefunga goli msimu mzima. Kazi yake ilikuwa kuvua glavu, kumshindilia mtu makonde, kisha kwenda kutumikia adhabu ya dakika tano kizimbani huku akitabasamu bila meno ya mbele. Kambi ya pili iliongozwa na Mwikali, mama wa Nairobi aliyenunua mabegi kwa jumla, na yeye alimpenda mshambuliaji mmoja mfupi, mwepesi wa mikono, waliyemwita Fundi Saa.

"Huyo Mtarimbo wenu ni baunsa tu amevalishwa viatu," Mwikali alisema asubuhi moja. "Hajui kupasi. Ukimtoa ngumi anabaki nini? Nyama."

"Na Fundi Saa wako akiguswa bega analala chini anamwita mama yake. Ukitaka wasiogusana, nenda kaangalie bao."

"Unaongea ni kama ushawahi kucheza. Siku ile ulikanyaga barafu ukaanguka mlangoni, bado umeshika ukuta. Sisi wote tuliona."

Watu walicheka, na Gaudence alichukia. Alikuwa mtu wa kuchukia haraka na kusahau polepole.

Aliyewaingiza wote katika ulevi huo alikuwa Godson, kijana wa Same, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja kwa ufadhili. Wachina wa darasani kwake walimpeleka kwenye uwanja wa barafu ulio chini ya jengo moja la maduka, akaanguka mwezi mzima, wa pili akasimama, na mwaka wa tatu akawa winga wa timu ya ridhaa inayoitwa Korongo. Watu wa kwa Rozina walianza kwenda Jumamosi kumwona mwenzao, wakanogewa.

Godson alikuwa Mpare na Gaudence Mchaga. Mtanzania akisikia hivyo haulizi zaidi. Hao ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mke hana. Gaudence alimwambia Godson mbele ya watu kwamba Wapare huuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Godson alimjibu kwamba Mchaga akifa, kabla ya kumzika ni lazima uangushe sarafu karibu na sikio lake, uhakikishe. Kwa miaka sita hawakuwahi kusalimiana kama watu. Gaudence akiugua, Godson alifika na supu na kumuuliza kwa nini anachelewa kufa. Katika mji wote ule wa mamilioni, huyo ndiye pekee aliyemfanya Gaudence ajione yuko kwao, na Gaudence alilijua hilo vizuri ingawa hakulisema.

Kisha akaja Kioko. Alikuwa Mkamba wa Nairobi, muuza vipuri vya magari, aliyekuja kwa maonyesho ya Pazhou akabaki. Alikuwa mkimya, mpana wa mabega, na aliwahi kujifunza mchezo huo kwao, kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli. Hapa alijiunga na timu ya Nyati, wapinzani wa Korongo. Gaudence alipomwona akimbamiza mtu kwenye vioo vya pembeni, moyo ulimruka. Hatimaye walikuwa na Mtarimbo wao wenyewe.

Korongo na Nyati zilipangiwa kukutana Jumamosi. Tangu Jumatano Gaudence alikuwa kwenye kundi lao la simu akituma sauti, moja baada ya nyingine, akiwa kwenye treni, akiwa kiwandani, akiwa kitandani.

"Kioko, ndugu yangu, huyo Mpare ukimwacha atoke uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, kwa Rozina usije tena."

"Kioko, mvunje. Mguu wa kushoto ndio anaoutegemea. Sanda nanunua mimi."

Godson alijibu kwa kucheka na kumwita mwizi wa Rombo. Watanzania wote walicheka. Kioko hakuandika kitu.

Ijumaa asubuhi Mwikali alimkuta Gaudence peke yake akimalizia chai, akavuta kiti.

"Hizo voice unatuma ni nzito."

"Mwikali, hujui mambo haya. Godson ni mtani wangu. Tungekuwa kwetu ningemwambia hivyo hivyo akiwa msibani kwa baba yake."

"Mimi nimekaa na nyinyi miaka nne, nimezoea. Kioko amekuja juzi. Kwetu hakuna hiyo. Mwambie."

"Mtu mzima huyo. Atajua."

"Mwambie, Gaudence. Sentensi moja tu."

Gaudence alisema atamwambia. Hakumwambia. Kama angeulizwa kwa nini, angesema alisahau, na angekuwa anadanganya. Simu ilikuwa mkononi siku nzima. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kitakachotokea, kwa karibu, si kwenye televisheni.

Jumamosi alasiri walikaa safu ya pili, majaketi yamefungwa hadi shingoni kwa baridi. Gaudence aliinua simu akawarushia mchezo wenzao waliokosa nafasi, kwa hiyo maneno yake ndiyo yaliyosikika kuliko ya mtu yeyote. Godson alicheza vizuri siku hiyo, mwepesi, akiwapita Nyati wawili wawili. Kila alipogusa kisahani Gaudence alipaza sauti. "Kioko, unamwangalia tu? Vunja huyo!" Mwikali alimshika mkono mara mbili, naye akautoa.

Katika kipindi cha pili Godson alikimbilia kisahani pembeni, uso kuelekea ukutani. Kioko alitoka katikati ya uwanja akiongeza mwendo. Ligi ile ya ridhaa hairuhusu ngumi, na kumgonga mtu kwa nyuma haruhusiwi mtu yeyote popote, hata Mtarimbo. Kioko alimgonga kwa nyuma. Mguu wa kushoto wa Godson ulibaki chini yake, ukutani, na mlio wake ulisikika hadi safu ya pili.

Gaudence aliuona ule mguu, jinsi unyayo ulivyotazama upande usiotazamwa na unyayo. Aliuona vizuri kabisa. Na mdomo wake, ambao ulikuwa umefunguka tangu Jumatano, ukasema, "Mwongeze!"

Kioko aligeuka akamtafuta pale jukwaani, akamwinulia gongo kidogo, kama mtu aliyetumwa anayetoa taarifa kwamba kazi imekwisha. Kisha akamtazama Godson chini, akaona alichofanya. Alitupa gongo akapiga magoti, akamshika kichwa kisitetemeke kwenye barafu. Wachezaji wawili wa Korongo wakaja na machela. Gaudence alikuwa bado amesimama na simu juu.

Asubuhi ya Jumapili kwa Rozina hakuna aliyewasha televisheni. Gaudence aliingia akiwa amejiandaa kwa hasira, kwa kuwa hasira ndiyo nguo iliyomkaa vizuri. Alimkuta Kioko mezani na akamnyooshea kidole kabla ya kukaa.

"Wewe ni mnyama. Mtu amekupa mgongo na unamvunja mguu? Watu kama wewe mnapaswa kufungwa."

Kioko aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

"Buda, wewe ndio ulinituma."

"Ulikuwa utani!"

"Utani naujua. Mtu anatania mara moja, watu wanacheka, imeisha. Wewe umetuma voice siku tatu. Umenionyesha hadi mguu gani. Mimi nikasema, huyu jamaa lazima alimfanyia kitu mbaya, labda alimchukulia bibi, na nyinyi wote mko upande wake, hakuna hata mtu mmoja alikataa. Mimi ni mgeni. Nikadhani nikikataa ndio nimefukuzwa." Akasukuma kikombe pembeni. "Nimekosa. Ni mimi nilimgonga, si wewe, na jana nimeenda kumwambia hivyo. Lakini usiniite mnyama."

"Mtu mwenye akili angejua kwamba..."

"Na ile ya mwisho?" Mwikali alidakia. Hakuwa amepandisha sauti. "Jamaa yuko chini, mguu umegeuka. Hiyo nayo ilikuwa utani?"

"Sikuona."

"Uliona. Ulikuwa unarekodi. Iko kwa kundi, kila mtu amesikia. Godson pia amesikia."

Mwikali hakumwachia nafasi.

"Si ni wewe ulituambia hapa hapa, mtani ndiye anabeba jeneza mbele? Kwamba mtu akianguka kweli, mtani ndiye wa kwanza kumwinua? Nani alimwinua Godson?"

Rozina alikuja akachukua kikombe cha Gaudence kabla hajakinywa, akapangusa meza. Yeye ni mwanamke wa Moshi na utani anaufahamu kuliko wote. Alisema, "Leo chai imekwisha," na birika lilikuwa palepale likitoa mvuke.

Gaudence alikaa siku mbili bila kwenda Xintang. Alijiambia kwamba wanamwonea, kwamba Wakenya hawana mila, kwamba Kioko ndiye mwenye mkono. Usemi ni usemi na gongo ni gongo. Alilisema hilo kwa sauti, chumbani peke yake, na halikumsaidia. Jumanne alinunua machungwa na kwenda hospitali. Njia nzima alikuwa akitunga tusi la kuingia nalo. Alijua kwamba wakitukanana, yatakuwa yamekwisha. Ndivyo watani wanavyofuta makosa: hawaombani msamaha, hutukanana mpaka machozi yatoke, na hakuna anayejua ni ya nini.

Mlangoni alisimama, maana alisikia watu ndani. Godson alikuwa kitandani, mguu umefungwa vyuma kuanzia goti. Daktari alikuwa amemwambia kwamba atatembea, lakini barafuni harudi tena. Pembeni yake aliketi Kioko na chupa ya uji wa Rozina.

"Onja wewe kwanza," Godson alikuwa akisema. "Nyinyi Wakamba nasikia mna dawa. Umeshindwa kuniua kwa gongo, unamalizia kwa uji."

Kioko alionja, kwa utiifu kabisa. "Iko sawa."

"Haya, sasa na wewe nitukane."

"Siwezi tukana mtu nimemvunja."

"Ndiyo kazi yake hiyo. Tukana. Nitakufundisha mimi, usijifunze kwa wahuni."

Gaudence alisukuma mlango. Alitabasamu kwa upana wote aliokuwa nao. "We Mpare, nimekuja kuangalia kama umeshafungua kesi. Nilijua tu, hata kufa umeogopa gharama."

Godson aliacha kucheka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Gaudence. Alijiinua kidogo kwenye mto, akarekebisha shuka, kama mtu anayepokea mgeni.

"Shikamoo, kaka Gaudence."

Miaka sita hakuwahi kumwamkia. Gaudence alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili na kwa haki salamu hiyo ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Alisimama na mfuko wa machungwa, shingo ikimwaka moto. Salamu hiyo ina jibu moja tu, na wote wawili walikuwa wakilisubiri.

"Marahaba," alisema.

"Karibu ukae. Asante kwa kuja, najua una kazi nyingi. Rombo hawajambo?"

"Hawajambo."

"Tunashukuru Mungu."

Walizungumza hivyo kwa robo saa. Mvua, foleni, bei ya nauli. Godson alijibu kila kitu kwa adabu, alishukuru kwa machungwa, hakuuliza lolote kuhusu Jumamosi. Gaudence alijaribu tena, akasema neno kuhusu ng'ombe na kuku, na Godson akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anayesikiliza mzee asiyesikika vizuri. Mwishowe Gaudence alishindwa.

"Godson. Niite mwizi. Nitukane, mtu wangu. Nimekosea, nimekosea sana. Nitukane tu yaishe."

"Siwezi, kaka," Godson alisema taratibu. "Wewe ni mkubwa kwangu. Nitakukoseaje heshima?"

Alimpa mkono, wa kulia, na wa kushoto ukashika kiwiko, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyowapa wageni. Gaudence alitoka. Alikuwa hajafika kwenye lifti alipomsikia Kioko, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole, akisema kwamba Wapare ni wabahili hadi wanaazima maumivu ya jirani. Halafu Godson akaangua kicheko, akacheka, akacheka, akamwomba Kioko aache kwa sababu mguu unamuuma.