Inzi wa Chausiku

Shina la saba nalo lilimdanganya. Mhogo ulitoka ardhini mnene, ganda safi, lakini Chausiku alipoupasua kwa panga alikuta mabaka ya kahawia, makavu kama gunzi. Akautupa juu ya ile mingine. Hapakuwa na hata kipande cha kuchemsha. Alipotikisa majani, inzi weupe, wadogo kuliko punje ya uwele, waliruka kama vumbi, kisha wakarudi chini ya jani kunyonya.

Wiki tatu zilizopita mtafiti mmoja, Janeth, alikuja kutoka Korogwe, akasimika shambani humo vizimba vinne vya chandarua. Katika kila kimoja alitia miche na inzi. Chausiku hakuwa mtu wa kulala na swali, akamuuliza anatafuta nini.

"Mama, huyu inzi haishi peke yake," Janeth alimjibu, wote wawili wamechuchumaa. "Ndani ya mwili wake mna bakteria. Utomvu wa mhogo haumtoshi, wao ndio wanaomtengenezea anachokosa. Baadhi yao tunadhani wanambadilisha ulaji wake: anyonye zaidi, ahamehame zaidi. Na akihama, anabeba virusi vya ugonjwa shina hadi shina."

"Ugonjwa wenyewe anazaliwa nao?"

"Hapana. Anaunyonya kwenye shina linaloumwa."

"Sasa shina langu hili liliupata wapi ugonjwa? Inzi hawa nimewakuta tangu enzi za mama yangu, na mihogo tulikula."

Janeth aligeuzageuza pingili mkononi, moja ya zile mbegu bora zilizogawiwa na mtendaji wa kijiji msimu uliopita. "Hizi zilikuja zinaumwa," alisema polepole. "Zilipaswa kupimwa kwanza. Hazikupimwa."

Maneno hayo Chausiku aliyabeba hadi mkutano wa kijiji, mchana wa siku ile aliyochimba mashina saba. Kila kaya ilikuwa imechimba uozo. Watu walikuwa wamekaa chini, wamenuna, midomo imekauka. Enock, mtendaji, alikaa nyuma ya meza.

"Humu kuna mtu anafuga wadudu," Enock alianza. "Amewajengea hadi nyumba za chandarua. Halafu tunashangaa mihogo kuoza?"

Chausiku alisimama. "Mheshimiwa mtendaji, mimi nilianza kuchimba uozo kabla ya vizimba kuja. Inzi anabeba alichonyonya. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mbegu ulizotuletea."

"Nani kakwambia?"

"Mtafiti."

"Yuko wapi?"

"Korogwe."

"Yuko Korogwe." Enock alifunga daftari lake. "Wananchi, mmesikia kwa masikio yenu. Inzi anao, mwenyewe kakiri. Mimi sina mgambo wa kulinda shamba la mtu." Akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Jiwe la kwanza lilimpata Chausiku nyuma ya sikio. La pili alilisikia mdomoni, pamoja na meno. Aliyemkamata nywele alikuwa shemeji yake Sabiri, mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi.

"Wanangu wanakunywa maji ya moto, shemeji!" alipiga kelele huku akimpiga, na machozi yanamtoka. "Maji ya moto na chumvi! Wewe unafuga inzi!"

Walimburuta hadi shambani. Alikumbatia mti wa kizimba, akaung'ang'ania. Walimpiga mateke ya mbavu, hakuachia. Ndipo panga la Sabiri lilipoushukia mti ule, na mkono wa kulia wa Chausiku ulikuwa juu yake. Vidole viwili vilianguka kwenye majani, gumba kikiwa kimojawapo.

Chandarua kilichanika. Inzi walipaa kwa mamia, upepo ukawachukua juu ya vichwa vya watu, ukawapeleka shamba la Sabiri, na la jirani yake, na yale ya bondeni. Hakuna aliyeinua macho. Walikuwa bado wanapiga.

Sabiri mwenyewe ndiye aliyemfikisha zahanati, juu ya baiskeli, mkono umefungwa kwa khanga. Akabaki mlangoni, akiitazama damu kwenye suruali yake.

"Naweza kumfunga, kumshona siwezi," alisema Pendo, muuguzi. "Mpaka fomu ya polisi." Na polisi hawatoi fomu bila barua ya mtendaji.

Enock alikuja na karatasi imeshaandikwa. Aliisoma kwa sauti ya upole: "Mimi Chausiku nilijikata mwenyewe kwa panga nikichimba mihogo. Simdai mtu yeyote."

"Na meno?" Chausiku aliuliza. Mate mekundu yalimtiririka kidevuni. "Meno nayo nilikuwa nachimbia?"

"Mama, damu inaisha. Ukiweka dole, naandika barua sasa hivi."

Chausiku alimtazama Pendo. Pendo alijishughulisha na kupanga mikasi kwenye sinia.

Enock hakusubiri. Alishika mkono wa kushoto, akatoa leso yake nyeupe, akalifuta dole gumba udongo na damu, taratibu, hadi kwenye mikunjo na pembeni mwa ukucha, kama mama anavyomfuta mtoto. Kisha akaligandamiza kwenye wino.

"Usitikisike, mama," alisema. "Alama itoke vizuri."