Wageni wa Mtendaji

Sijawahi kumwomba mtu chakula, na hata wiki ile sikuomba. Wanaosimulia kwamba Hamisa binti Sufiani alikwenda kulia kwa mtendaji wanasimulia uongo. Nilikwenda kumtembelea.

Mahindi ya msaada yalikuwa yameshafika kijijini kwetu, huku mbele ya Kwamsisi. Lori lilishusha magunia mchana kweupe, tukayabeba wenyewe hadi kwenye ghala la kijiji. Mvua ilikuwa imetunyima, mahindi yetu yalikauka yakiwa yamefika magotini, na wafugaji nao walikuwa wamepoteza ng'ombe wengi. Tukaambiwa tusubiri siku ya kugawa. Kabla siku hiyo haijafika ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ofisi za serikali zikafungwa, mtandao ukazimwa, watumishi wakaambiwa wabaki majumbani. Mahindi yakabaki ndani, sisi tukabaki nje, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa Mdoe, mtendaji wetu wa kijiji.

"Bibi, siwezi kufungua bila idhini kutoka juu," aliniambia. "Na huko juu hakuna anayepokea simu."

"Na wajukuu zangu wapokee nini?"

"Subira, bibi."

Nikaenda Korogwe. Mdogo wangu Mbaruku anakaa Kilole, nikadhani mjini hapakosi ofisi hata moja yenye mtu. Nilizunguka mpaka ndala ikakatika. Kila mlango kufuli. Mlinzi mmoja akaniambia nirudi mambo yakitulia.

"Tumbo nalo linajua kutulia?" nikamuuliza.

Mbaruku alinipa unga kidogo aliokuwa nao, na yeye ana watoto. Nilirudi nao nikiwa na hasira. Nimechukua chakula cha watoto wa ndugu yangu, na changu kimefungiwa pale ninapokiona kila nikienda kisimani!

Vijana walitaka kuvunja ghala. Niliwakataza. Ukivunja, kesho unaitwa mwizi wa mahindi yako mwenyewe, na jina hilo mimi silitaki. Nikaenda kwa jirani yangu Naisiae, mama wa Kimaasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo, nikamweleza nilichokuwa nakiwaza. Alicheka mpaka shanga zikalia.

"Yeyo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama kwa lugha yao, "kwetu mgeni akifika, hata awe adui, humwachi akae na tumbo tupu."

"Na kwetu vilevile. Na Mdoe kalelewa hapahapa."

Kesho yake kabla ya adhuhuri tulipiga hodi nyumbani kwa Mdoe, akina mama wa karibu kijiji kizima, pamoja na watoto wetu. Tulikuwa tumeoga na kuvaa khanga safi, Naisiae na wenzake wamejifunga mashuka yao mekundu. Mke wa Mdoe, Shamsia, alitoka akifuta mikono.

"Karibuni," akasema. Angesema nini kingine? Akatandika mkeka, ukajaa, akaazima mwingine.

Mdoe alipotoka alikosea papo hapo. "Mnataka nini?" akauliza.

Mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa hata maji. Shamsia alimtazama mumewe kwa aibu, nami nikamwonea huruma yeye, si mumewe.

"Tumekuja kuwajulia hali, mwanangu," nikasema. "Siku nyingi hatujakaa pamoja."

Hapo akakumbuka malezi yake. "Shikamooni," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Tukaulizana habari za mvua, za kuku, za mguu wa mama yake. Mahindi hayakutajwa. Nilikuwa nimewaonya kwamba atakayetaja mahindi arudi kwake. Shamsia alisonga ugali, akatwanga kisamvu, watoto wakala, sisi tukaonja. Tukashukuru, tukaaga. Kesho yake tukarudi.

Siku hiyo nilimsikia Mdoe akinong'ona jikoni, "Waambie hakuna."

Shamsia hakunong'ona. "Nimwambie mgeni hakuna? Mimi? Nenda kawaambie wewe."

Hakuja. Tukala. Lakini sikuwa na raha, nisidanganye. Kile kilikuwa chakula cha watoto wa Shamsia, na uchungu wake niliujua, maana unga wa Mbaruku ulikuwa bado haujaisha mdomoni mwangu. Hata hivyo sikuondoka kwenye mkeka.

Siku ya tatu Shamsia alitukaribisha, akatukalisha, kisha akaingia ndani na kutoka na sufuria lake kubwa. Akaligeuza juu chini mbele ya mumewe. Halikudondosha kitu.

"Unga wa nyumba hii umekwisha," akasema. "Wageni wako hao hapo. Na mimi leo ni mgeni mwenzao." Akaja kuketi kando yangu, sufuria mapajani.

Mdoe alishika mwimo wa mlango. "Mnajua watanifukuza kazi?" akauliza. Hakuwa anatisha. Alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo.

"Wakikufukuza utakula kwetu," nikamwambia. "Leo kwangu, kesho kwa Naisiae, keshokutwa kwa mwingine. Hutalala na njaa kijiji hiki mimi nikiwa hai."

"Wataniuliza nimefungua kwa idhini ya nani."

"Waambie ya Hamisa binti Sufiani. Nipo, sihami."

Akatoa ufunguo. Tuligawana kwa debe mbele ya macho ya wote, kila nyumba kwa haki yake, na ya Mdoe ikiwemo. Wapo waliomshukuru. Mimi sikumshukuru, mahindi yalikuwa yetu. Jioni ile wajukuu zangu walikula mpaka wakasinzia wakiwa na tonge mkononi, nami nikalia kwa furaha, bila kumficha mtu.

Ofisi zilipofunguliwa, wito wa kwanza uliofika kijijini ulikuwa wa Mdoe: aende mjini kwa mkubwa wake akajieleze. Alipita kwangu kuniaga, uso umemshuka. Naisiae alikuwepo, ameniletea maziwa.

"Huyo mkubwa wako," Naisiae akamuuliza, "anakaa na familia?"

"Ndiyo. Na mke wake, nyuma ya ofisi palepale."

Naisiae akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Tangulia, mwanangu," nikamwambia Mdoe. "Mwambie mkewe tunafika saa ya chakula."