Neno la Benchi la Nyuma

Jumapili asubuhi Galeboe alipangusa mabenchi ya kanisa kwa kitambaa kikavu, isipokuwa benchi la nyuma, ambalo alilipangusa kwa kitambaa kibichi. Hapo hukaa wafu, na wafu wa kijiji kile, nje kidogo ya mji wa Kanye, hawapatani na vumbi.

Walikuja kwa ajili ya nyimbo. Mama yake Galeboe alizikwa mwaka wa ukame mkubwa, na wiki iliyofuata akaanza kuja, blanketi la mistari begani. Enzi za uhai wake ndiye aliyekuwa akishika sauti ya pili, na kufa hakukumwachisha. Watu walimpisha mlangoni, wakamsalimu, wakaendelea na yao. Galeboe, akiwa benchi la mbele, alifikiwa na harufu ya ugoro wa mama yake na ya uji wa mtama uliopikwa na tikiti, na kwa muda wa ubeti mmoja akawa mtoto tena.

Tabu ilikuwa neno moja. Kwa Kitswana Mungu ni Modimo, na wazee waliotangulia ni badimo. Maneno ya tumbo moja. Lakini wageni waliotafsiri Maandiko zamani, walipotafuta jina la pepo wachafu, walichukua hilo la wazee. Kwa hiyo kila mwaka, somo la kutoa pepo lilipofika na msomaji akatamka kwamba badimo waliamriwa kutoka, benchi zima la nyuma liliinuka. Walijitanda mablanketi yao, wakatoka polepole bila kugombana na mtu. Hawakuonekana tena mpaka mvua za kwanza.

Mwaka mmoja Galeboe alimkimbilia mama yake getini.

"Kwani mama, wewe ni pepo?"

"Mimi? Thubutu!"

"Sasa mbona unatoka?"

"Tumetajwa, mwanangu. Mtu akifukuzwa kwa jina lake, abaki amenata kama kupe?"

Mwaka huu zamu ya kusoma ilimwangukia Galeboe. Alipolifikia lile neno akainua macho. Mama yake alikuwa akifuta miwani kwa pindo la blanketi, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Galeboe akasoma kwamba roho chafu ziliamriwa kutoka.

Hakuna aliyeinuka. Wimbo wa mwisho ulikuwa mzito hivi kwamba vikongwe waliowahi kuteka maji na mama yake walilia bila kujificha, wakiimba kama zamani, wote wakiwepo.

Baada ya ibada Mchungaji Ntsima alimwita pembeni.

"Mma," alisema, akimwita kwa heshima, "umesoma kisichoandikwa."

"Kilichoandikwa kinamtukana mama yangu, Mchungaji."

"Mama yako namheshimu. Leo hii ameniuliza hali ya mgongo wangu. Lakini Maandiko ni Maandiko. Tukianza kuchagua maneno, tutaishia wapi?"

"Hata baba yako anakaa benchi lile."

Mchungaji alifunga Kitabu taratibu. "Najua," alisema. "Anapenda kukaa karibu na mlango."

Galeboe akaondolewa kwenye zamu. Jumapili iliyofuata Mchungaji alilirudia somo mwenyewe, ili kurekebisha, kwa sauti ya upole, neno kama lilivyo. Wa kwanza kusimama alikuwa baba yake. Alimwinamia mwanawe kidogo, kwa adabu, akavaa kofia, akatoka. Wengine wakamfuata. Galeboe akachukua shali lake, akatoka nao mbele ya macho ya watu.

Alimkuta mama yake ameketi chini ya ukuta, penye ukanda mwembamba wa kivuli, miguu ameinyoosha.

"Rudi ndani. Watakusema."

"Waseme." Galeboe akaketi, akaegemeza kichwa kwenye bega lile, ambalo lilikuwa baridi na lilimtosha. Wakatazama mbuzi wakipita barabarani.

"Mama," Galeboe akasema, "huko mliko, Modimo anawaitaje?"

Mama yake alifikiri, akivuta ugoro.

"Anatuita kwa majina yetu," akajibu. "Mimi ananiita Mama Galeboe, kama majirani."

Ndani waliitikia amina, kisha mtu akaja akafunga mlango, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuvuma.